Folda ya Griffin

Lewis wa kwaya alituambia ameshalitoa jina la Griffin kwenye kompyuta, nasi tukaamini. Siku zile ningeamini chochote ambacho kingenipunguzia kulia.

Mashine yetu ilikuwa na watumiaji wawili, mimi na mwanangu. Kila asubuhi nikiiwasha niandike programu za mazishi na mitihani ya shule, ambayo ndiyo kazi yangu hapa nyumbani Mwakingali, Voi, skrini ilinionyesha majina mawili: Jedidah, na chini yake Griffin, na kipicha chake amevaa kofia. Wiki mbili baada ya kumzika nilishindwa. Lewis akaja, akabonyezabonyeza, akanywa chai yangu vikombe vitatu, akasema, "Mama, nimetoa." Kweli jina halikutokea tena. Nilidhani kila kitu chake kimekwenda nalo, na moyo wangu ukashukuru. Mungu anisamehe.

Mwaka ukazunguka. Mwezi wa tano huu nilikuwa naandaa programu ya ibada ya kumbukumbu yake, picha kumi na mbili na wasifu wa kurasa mbili. Ndani ya wasifu niliweka sentensi moja niliyoipenda mno: "Aliponzwa na rafiki ambaye alimwamini kuliko alivyostahili." Watu wote kanisani wangejua ni nani.

Ni Kilonzo, mwana wa Nzuki wa kule Birikani. Yeye na Griffin walichimba pamoja mawe ya thamani Kishushe. Shimo lilipoporomoka Griffin alikuwa ndani na Kilonzo alikuwa nje, mzima. Kwangu hilo lilitosha. Nilikwenda polisi nikaandikisha kwamba Kilonzo ndiye aliyemshurutisha mwanangu ashuke siku ile, na ukuta wa shimo umeshalegea kwa mvua. Nilisema nilimsikia kwa masikio yangu kwenye simu. Sikumsikia. Nilikuwa na uhakika tu, na mimi nikiwa na uhakika sihitaji ushahidi.

Nzuki, mama yake, alikuja matangani na unga kwenye beseni na mzigo wa kuni kichwani. Nilimzuia mlangoni mbele ya akina mama wote. Nikamwambia, "Rudi nao, ukampikie muuaji wako." Aliugeuza ule mzigo wa kuni polepole, asimgonge mtu, akaondoka. Siku ya pili Kilonzo akasikia polisi wanamtafuta, naye akatoweka. Simu yake haikuingia tena. Wako waliosema yuko Mboghoni anakata ndizi mashambani, wako waliosema alivukia Tanzania kwa njia za Chala. Mimi nilisema popote alipo, chakula kisimshuke.

Basi siku hiyo ya kuandaa programu ya ibada nikabonyeza kuhifadhi, mashine ikakataa. Diski imejaa.

Nilikasirika, maana nilijua si kweli. Diski ile ni ya GB mia tano, na kazi zangu ni maandishi, na maandishi hayali nafasi. Nikafuta mitihani ya miaka ya nyuma. Nikamwaga takataka zote kwenye kapu la mashine. Nikatoa gemu za karata za mume wangu, Hudson, ambaye hata hakugundua. Ikapatikana nafasi kidogo, haikutosha hata picha za programu. Nikaanza kupima folda mojamoja, naandika kando kwenye daftari. Zote pamoja hazikufika nusu ya diski. Nusu nyingine na zaidi ilikuwa imeshikwa na kitu nisichokiona.

Nikamwita Moureen, anayetengeneza kompyuta nyuma ya soko. Alikuja Jumamosi mchana, akaketi kwenye kiti changu bila kuvua begi.

"Auntie, umeshafuta nini?"

"Kila kitu isipokuwa mashine yenyewe."

Akacheka. Akaweka programu ndogo ya kupekua diski, ile inayochora kila faili kama kiboksi chenye rangi, faili kubwa boksi kubwa. "Wewe ulipokuwa unapima," akasema, "mashine ilikuwa inakuhesabia zile folda uko na ruhusa ya kufungua peke yake. Zingine inaziruka na haikwambii. Sasa mi naingia kama mwenye mashine." Tukangoja. Skrini ikajaa viboksi. Upande mmoja mzima, zaidi ya nusu, ulikuwa wa rangi ya machungwa.

"Auntie, Griffin ni nani?"

Moureen ni mgeni Voi, hakujua. Nikamwambia ni mwanangu, na kwamba hayupo. Akaondoa mkono kwenye kipanya.

"Pole. Aliyewatolea jina alilificha tu pale mwanzo. Vitu vyake viko vyote." Kisha akanionyesha, kwa sauti ya chini, kilichokula nafasi. Kila Griffin alipotoka Kishushe kuja nyumbani alikuwa akiunganisha simu yake na kunakili simu nzima, wala si vitu vipya peke yake. Kulikuwa na folda kumi na saba, kila moja ina tarehe, kila moja imerudia yote yaliyokuwa kwenye ya kabla yake. Picha ya mbwa wetu ilikuwa humo mara kumi na saba. "Hii ni nakala ya nakala," Moureen akasema. "Tukiacha hii ya mwisho tu, unapata nafasi ya kutosha miaka kumi. Nifute zile zingine?"

Folda ya mwisho ilikuwa na tarehe ya Jumapili, siku mbili kabla ya shimo kumfunika. Simu yenyewe ilitolewa udongoni imepondeka. Nikamwambia afute zile kumi na sita, hii aniachie, na anionyeshe mahali sauti zilipo. Nilitaka kusikia tu akiniita "mathee". Basi. Sikuwa natafuta jambo lingine, naapa.

Sauti za WhatsApp zilikuwa zimepangwa kwa tarehe, bila majina, alizotuma na alizotumiwa pamoja. Moureen alipoondoka nilikwenda moja kwa moja kwenye zile za Jumapili. Zilikuwa mbili. Nikabonyeza ya kwanza.

Haikuwa ya Griffin. Ilikuwa ya Kilonzo. "Griffin, skiza. Mi hilo shimo Jumanne siingii, na wewe usiingie. Mvua imepiga siku tatu, ukuta wa juu umepasuka, nimeuona na macho yangu. Wacha ikauke. Wiki moja tu, buda. Mawe hayaozi."

Kabla sijaelewa nimesikia nini, mashine ikaruka yenyewe hadi ya pili, na mwanangu akaanza kusema chumbani mwangu. Alikuwa anacheka kidogo.

"We unasema wiki moja sababu kwenu hakuna mtu anakuhesabia chapati. Jana mathee aliniambia mbele ya wageni, eti hata kuku wa hapa kwake wanakula na kutaga, mimi nakula tu. Wamama wakacheka mpaka machozi." Akapumua. "Akasema nikirudi mikono mitupu tena, nisirudi. Mi naingia, Kilo. Hata kama ni solo."

Nilikuwa nimesahau. Hilo ndilo linaloniua: nilikuwa nimesahau kabisa. Akina mama wa kanisa walikuja Jumamosi ile, nikapika, Griffin akaongeza sahani, nami nikatupa neno kama ninavyotupa siku zote. Watu hunipenda kwa mdomo wangu. Husema nyumba ya Jedidah haikosi kicheko. Lile la kuku lilishangiliwa, nikaona limekaa vizuri, nikaongeza na lile la mikono mitupu. Griffin naye alicheka. Niliona meno yake.

Hudson alinikuta sakafuni. Nikamchezea zote mbili. Alisikiliza amesimama, kofia mkononi. Kisha akasema, "Futa, Mama Griffin. Yaliyopita si ndwele."

"Na Kilonzo?"

"Kilonzo ameshaenda. Ukitoa hii, watu watasema nini juu yako?"

Alikuwa ananionea huruma, najua, lakini nilimchukia kwa dakika ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Nikamwambia kama ni kuniosha, hakuna maji ya kutosha Voi nzima. Nilifungua ile programu ya ibada, nikaifuta sentensi yangu nzuri, nikahifadhi. Ilikubali mara moja. Nafasi ilikuwa tele.

Jumatatu nilikwenda polisi nikaandika taarifa nyingine, kwamba ile ya kwanza niliisema kwa uchungu na haikuwa kweli. Afisa aliisoma mara mbili. Akaniuliza kama najua kusema uongo kwa polisi ni kosa. Nikasema najua. Akasema nitaitwa, nikasema nitakuja. Kutoka hapo sikurudi nyumbani. Nilipanda hadi Birikani kwa miguu, simu mkononi, na zile sauti mbili ndani yake.

Nzuki alikuwa kibarazani anachagua ndengu kwenye ungo. Alikuwa amekonda. Aliniona tangu nilipokata kona, lakini hakuinuka wala hakuacha kuchagua. Nilisimama uani, maana sikukaribishwa, na nikajua sistahili kukaribishwa.

"Mama Kilonzo, nimekuja kukosa mbele yako," nikasema, na hata hilo nikalisema vibaya. "Nimekuja kukiri kosa. Mwanao hakumpeleka Griffin shimoni. Alimkataza. Aliyempeleka ni mimi." Nikamweleza yote, kompyuta, na kuku, na polisi. Nilitegemea anitukane. Nilikuwa na haja ya kutukanwa, na Nzuki akaninyima.

"Umeandika huko kwamba hana makosa?" akauliza.

"Nimeandika leo."

"Na yeye atajuaje?"

Nzuki akatoa kijiwe kwenye ndengu, akakitupa.

"Umesema iko na sauti yake hapo."

"Iko."

Akaweka ungo chini, akapangusa mikono kwenye leso, akaniambia nikae. Nikakaa kwenye ngazi chini yake, nikabonyeza. Kilonzo akasema asiingie, ukuta umepasuka, mawe hayaozi. Nzuki aliinama hadi sikio lake likagusa simu. Kisha ya pili ikafuata, ikaanza ile habari ya chapati, nami nikanyoosha kidole haraka niizime.

Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa na vumbi la ndengu, na vilikuwa na nguvu.

"Usizime. Pengine anaongea tena huko mwisho."

"Haongei, Mama Kilonzo. Huyu ni Griffin peke yake."

"Mwaka mzima sijamsikia. Wacha iishe."

Nikaiacha iishe. Kuku wakataga, wamama wakacheka, mwanangu akapumua, akasema ataingia hata kama ni solo. Nzuki alingoja hapo kwenye kimya, sikio kwenye simu, hadi alipohakikisha hakuna kitu zaidi.

"Rudisha mwanzo," akasema.