Kadi Iliyomiminiwa Mafuta

"Tatizo si kadi yangu, shemeji. Tatizo ni kompyuta yako haijaombewa."

"Asubonteng, kompyuta hii ina miaka minne inachapa mabango ya marehemu wa mtaa mzima wa Bantama. Haijawahi kuzima ila umeme ukikatika. Leo umechomeka kadi ya kamera yako, imezima mara nne. Mgeni hapa ni nani?"

Asubonteng ni mdogo wa mume wangu, mpiga picha wa misiba na harusi. Kosa likitokea karibu naye, kamwe si lake. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu akinipumulia sikioni. Kwenye benchi la wateja alikaa Maame Afua Badu, miaka themanini na mmoja, mikono juu ya fimbo, akitutazama kama watu wanavyotazama mbuzi wawili wanaogombania ganda la muhogo.

Picha iliyonasa ndani ya kadi ilikuwa yake, ya mazishi yake mwenyewe. Dada yake alipofariki, watoto wa huyo dada walichukua picha ya kadi ya kupigia kura wakaikuza mpaka ikalingana na mlango. "Wapita njia walikuwa wanauliza ameiba nini," Maame Afua alituambia. Yeye hakutaka hayo. Kesho asubuhi alikuwa anaingia hospitali kupasuliwa ngiri, na alitaka picha yake iwe imechapwa na kuwekwa chini ya kitanda kabla kisu hakijamgusa.

"Lakini Maame, si daktari kasema ni upasuaji mdogo?" nilimwuliza.

"Daktari mwenyewe ni mdogo."

"Tukupige nyingine basi, hapahapa."

"Jumamosi nilivalishwa saa tatu nzima. Magoti yangu bado hayajanisamehe. Picha imo humo. Itoeni."

Nikamgeukia shemeji. Jumapili kanisani kwao ilikuwa siku ya nabii kuombea vifaa vya kazi na kuvipaka mafuta. Mafundi cherehani walibeba cherehani, mafundi magari walibeba spana, na mwuza samaki mmoja alikuja na friji juu ya mkokoteni. Asubonteng alipeleka kamera, na kwa kuwa hapendi kitu nusunusu, akachomoa na kadi ili nayo ipate fungu lake. Mimi niliambiwa nipeleke kompyuta. Nilisema ni nzito, na Mungu anajua ilipo.

"Ndiyo matokeo yake," alisema. "Kilichopakwa mafuta kimekutana na kisichopakwa. Lazima kimoja kianguke."

"Kinachoanguka ni kazi yangu. Lete hiyo kadi."

Nilichukua kompyuta ndogo ya binti yangu Nhyira, anayosomea, nikaichomeka kadi humo. Kioo kikageuka buluu, kikaandika maneno yasiyo ya heri, kikawa giza.

"Umeona?" akasema Asubonteng.

"Nimeona kompyuta mbili zimeanguka na kadi ni ileile moja."

"Hata hiyo ya Nhyira haijaombewa."

"Na redio ya kinyozi wa jirani haijaombewa. Twende tukaichomeke na yenyewe?"

"Mchomekeni yeye," alisema Maame Afua kutoka kwenye benchi.

Niliwasha tena kompyuta yangu, nikachomeka kadi ya kamera yangu mwenyewe. Ikafunguka bila hata kukohoa. Asubonteng akasema hizo zimezoeana. Niliibeba kadi yake mpaka mlangoni, penye jua, nikaigeuza. Vile vijino vya shaba vilikuwa vinang'aa kama midomo ya mtu aliyetoka kula nyama. Katikati yake mlikuwa na vumbi na punje nyeupe.

"Nabii wenu anatia nini kwenye mafuta yake?"

"Chumvi. Kidogo tu."

"Na aliigusa kwa kidole, au alimimina?"

"Za wengine aligusa."

"Nimekuuliza yako."

"Yangu alimimina. Nilimwomba."

Diploma yangu ni ya uhazili, si ya umeme, lakini sihitaji nyingine kujua kwamba chumvi yenye unyevu ikikaa kati ya shaba na shaba, umeme hupita usikoalikwa, na mashine yenye akili hujizima ijiokoe. Nilitoa chupa ya spiriti na pamba.

"Shemeji, ukifuta hapo unafuta upako."

"Upako umeshaingia ndani. Mimi nafuta chumvi."

Akageuza uso ukutani kama mtoto anayechomwa sindano. Nilifuta kadi mara tatu, nikazungushia pamba kwenye kijiti nikasafisha na tundu la kompyuta, nikaacha vikauke. Kisha nikachomeka. Mashine ikanguruma, ikatulia, ikabaki hai. Picha sitini na moja zikajipanga kiooni.

Maame Afua aliinuka bila kusaidiwa, akaja akashika mgongo wa kiti changu. Nilifungua ile aliyoichagua. Amekaa wima kwenye kigoda, kitambaa cha kente begani, kichwa juu kama mtu anayesubiri wengine wanyamaze. Na dhahabu. Shingoni dhahabu, masikioni dhahabu, pete kila kidole, hata kandambili zina dhahabu.

"Inang'aa, Maame," alisema Asubonteng, majivuno yote yamemrudia.

Mimi najua Maame Afua aliuza samaki wa moshi maisha yake yote. "Dhahabu ya nani hiyo?"

"Ya rafiki yangu Akyaa Mansa. Niliazima. Nilirudisha siku ileile."

"Watoto wako wanajua?"

"Wanajua."

"Na watoto wa dada yako?"

Alirudi kwenye benchi, akaketi polepole. Kwetu urithi si wa watoto wako peke yao. Watoto wa dada nao wana haki yao, na wanaijua kuliko amri kumi.

"Hao wataihesabu kwenye bango, pete kwa pete," alisema. "Halafu watawageukia wanangu. Watachimba mpaka chini ya jiko."

"Naweza kuiondoa kwa kompyuta," alisema Asubonteng. "Kidole kwa kidole. Nipe siku mbili."

"Kisu ni kesho." Akanitazama mimi. "Humo nimependeza?"

"Sana," nilisema, na wateja siwadanganyi.

"Basi kisiondolewe kitu. Andika chini kwamba dhahabu ni ya kuazima."

"Maame," Asubonteng alisema kwa upole, "hapo huandikwa pumzika kwa amani."

"Nitapumzikaje kwa amani wanangu wakidaiwa pete? Weka na jina la Akyaa Mansa. Weka na kwamba imerudishwa, wasije wakaenda kumsumbua yeye."

"Herufi za ukubwa gani?" nikauliza.

"Kubwa. Wapwa zangu huja misibani na miwani ya jua."

Niliandika chini ya miguu yake: DHAHABU YOTE NI YA KUAZIMA KWA AKYAA MANSA. IMESHARUDISHWA. Asubonteng akaomba walau herufi ziwe za rangi ya dhahabu. Nikaweka nyeusi, nikalaza karatasi kubwa kwenye printa, nikabonyeza.