Pini Kwenye Gauni la Hospitali

"Mama, una pini kifuani," alisema mpiga picha za eksirei, akichungulia kutoka kwenye kichumba chake.

Fundi cherehani alijipapasa, akaikuta. Loo! Gauni la hospitali lilikatwa ovyo, shingo imeachama, naye hakuweza kulivumilia. Alikuwa amechomoa pini kwenye blauzi yake, akalibana, akasahau.

"Nisamehe baba, ni kazi hiyo." Akacheka sana, zaidi ya kichekesho chenyewe. Pengine wameona pini tu!

Picha ikarudiwa. Akavaa nguo, akangoja nje. Akikaa, akisimama, akikaa tena. Mumewe yuko ng'ambo mwaka wa nne, na mtoto wao wa pekee alishamfuata baba'ke. Ili naye akaishi nao moja kwa moja, kilichobaki ni daktari aandike kuwa ni mzima. Asubuhi alipoulizwa kama amewahi kuugua kifua kikuu, alijibu "Hapana" chapchap. Ndivyo mama yake alivyomfundisha tangu alipomaliza dozi, angali msichana: "Umepona, yameisha. Usimwambie mtu, hasa atakayekuoa." Na kweli hakumwambia.

"Ingia, dada," daktari aliita.

Alikuwa amezibandika picha mbili kwenye taa. "Ya kwanza ina pini. Ya pili haina." Kidole chake kikapanda juu ya pafu la kulia. "Ila hiki kiko kwenye zote mbili."

Kilikuwa cheupe, chembamba, kama kipande cha uzi. Fundi akakisogelea. Angesingizia vumbi la vitambaa. Uongo ulishafika ulimini.

"Niliugua," alisema. "Nikatibiwa, nikapona. Asubuhi nilikudanganya. Niliogopa."

"Ungesema tu, dada yangu. Kovu si ugonjwa. Tutapima makohozi, na yakiwa safi utaenda. Ila kwenye fomu za kukuombea viza mumeo ameapa kuwa hujawahi kuugua. Lazima arekebishe."

"Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe, na mapema."

Dukani kwake hakukukalika. Alifumua pindo lililokuwa limenyooka vizuri tu, akalipinda upya, pini zimemjaa mdomoni kama kawaida yake. Alimkasirikia marehemu mama yake, kisha akamwonea huruma, kisha akamkasirikia tena. Mume uliyemficha jambo hilo tangu siku ya posa, utamwanzaje kwa simu?

Simu ikalia katikati ya vitambaa. Akaiacha mpaka ikanyamaza. Ikalia tena.

Akazitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye blauzi, akapokea.

"Fundi wangu! Wamesemaje? Huyu mwanao ameshakutandikia kitanda, hata mimi hataki nikikalie!"

Alifumba macho.

"Mbona kimya? Una pini mdomoni?"

"Nimezitoa," alisema. "Mwambie mtoto akacheze nje kidogo. Halafu wewe ukae chini, baba."

Kule ng'ambo ukasikika mlango ukifungwa, kisha kiti kikivutwa.