Antena ya Mzee Flashi

Kiwanda cha uchapaji kilikuwa na majengo mawili yanayotazamana, barabara katikati. Upande mmoja walikaa wachoraji wa kadi, kalenda na mabango. Upande wa pili zilikaa mashine za kuyachapa. Juu ya mapaa kulikuwa na antena mbili zilizotakiwa kurusha kazi hewani kutoka huku kwenda kule. Zilitakiwa, nasema. Siku ya jua zilikohoa, siku ya mvua zilizima, na lori refu likiegeshwa barabarani zilinuna kama mtoto aliyeamshwa usingizini.

Hapo ndipo tarishi alipopata mkate wake. Aliitia kazi kwenye flashi, akavuka barabara, akaikabidhi, akarudi. Watu wakamwita Mzee Flashi, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Haraka haraka haina baraka, alisema, na kwa kuwa kila upande ulimpa chai, baraka hazikumpungukia. Pamoja na flashi alibeba habari: nani kanuniana na nani, meneja kaamkaje, mashine ipi imeanza kulia. Aliipenda kazi hiyo wala hakuona haya kusema. Tena alikuwa amefika umri ule ambao mtu akifukuzwa huku, hakuna kule kunakomsubiri.

Meneja akaagiza antena mpya. Kampuni ya antena ikamtuma fundi, na fundi mwenyewe akawa mpwa wake Mzee Flashi, binti wa marehemu dada yake, aliyelelewa nyumbani kwake tangu hajui kufunga viatu. "Soma, mwanangu," alikuwa akimwambia kila jioni, "usije ukawa miguu ya watu." Mtoto akasikia. Watoto wengine hawasikii kabisa, lakini huyu alisikia.

"Shikamoo, Mjomba!" alisema, kofia ngumu kichwani, boksi mkononi.

"Marahaba, mama. Kumbe ni wewe unayeleta hivi vidude?"

"Ndiyo mimi. Vina kasi hivi! Hujapepesa jicho, kazi imeshafika."

"Mvua je?"

"Havijali mvua."

"Na malori?"

"Tunavipandisha juu zaidi. Lori litapita chini huko na shughuli zake."

"Mungu akubariki," alisema Mzee Flashi, akaipapasa flashi mfukoni.

Antena za namna hiyo lazima zitazamane sawasawa, kwa hiyo zinahitaji watu wawili, mmoja kila paa. Msaidizi wa fundi alikuwa ameshikwa na jino. Meneja akatazama huku na huku, akasema, "Mchukue Mzee Flashi. Leo si ndiyo hana kazi?" Akacheka peke yake.

Wakapanda wote paa la mashine. Mpwa akafunga antena kwenye nguzo, akaacha nati moja imelegea, akamwachia mjomba spana na simu yake yenye programu ya kupimia. Simu ya Mzee Flashi mwenyewe haikuwa na chaji, kama kawaida. Akamweleza taratibu: namba inayoonekana hapo ina alama ya kutoa mbele yake, kwa hiyo ikiwa kubwa mawimbi ni mabovu, na kadiri inavyopungua ndivyo mawimbi yanavyokuwa mazuri. Ageuze polepole, akifika pazuri akaze nati, apunge mkono.

"Umenielewa, Mjomba?"

"Kabisa," alisema Mzee Flashi. Hakuwa amesikia hata neno moja. Alikuwa anaitazama barabara yake kutoka juu, akiwaza kesho ataivuka kwenda kufanya nini.

Mpwa akashuka, akavuka, akatokea kwenye paa la pili, akafunga ya kwake na kumpa ishara. Mzee Flashi akabaki na spana, simu na shetani. Shetani hakuwa na maneno mengi. Alisema tu: ipindishe.

Akageuza. Namba ikapanda mpaka karibu na mia, naye akaona hiyo ni hatari, mtandao unanona. Akageuza upande wa pili haraka. Namba ikaanza kushuka, sabini, sitini, na kila ilivyoshuka moyo wake ulipata nafuu. Akaisaka chini kama mwindaji. Ilipogota hamsini kasoro kidogo akaihangaikia zaidi, nywele moja kushoto, nywele moja kulia, mpaka ikakataa kupungua tena. Katika maisha yake yote hakuwahi kufanya kazi kwa uangalifu wa namna ile. Akakaza nati mpaka mishipa ya shingo ikasimama, akapunga mkono.

Walikutana barabarani. Mpwa alikuwa anafuta jasho.

"Mjomba, sasa naweza kukwambia. Asubuhi sikutaka kukutia wasiwasi. Niko kwenye majaribio ya kazi, na mbili nilizofunga mwanzo zilipinda. Bosi kasema hii ikipinda nisirudi ofisini, niende nyumbani moja kwa moja."

Mzee Flashi akasimama katikati ya barabara. Gari likampigia honi, hakulisikia.

"Ngoja nirudi juu," alisema. "Nimesahau kofia."

"Umeivaa."

Na meneja alikuwa ameshatoka mlangoni kuwaita wakajaribu.

Waliingia chumba cha wachoraji. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Lakini huyu alikuwa amemwingiza mtoto wa dada yake, na alijichukia. Akamwomba Mungu amfukuze yeye, leo hii, bila hata chai, ila mtambo ufanye kazi. Meneja akachagua kalenda ya picha tupu, kazi nzito kuliko zote, akabonyeza.

Simu ya mezani ikalia. Alikuwa msimamizi wa mashine, ng'ambo.

"Imefika."

"Kurasa ngapi?" aliuliza meneja.

"Zote. Mnatuma nyingine au tuendelee na zetu?"

Meneja akaituma tena, kwa kutoamini. Ikafika tena. Akampa fundi mkono. Kisha akamgeukia Mzee Flashi, akasema wataangalia kama kuna kitu cha kumpa, na kila mfanyakazi pale alijua maana ya kuangaliwa huko.

"Aliyelenga ni yeye," alisema mpwa mbele ya watu wote. "Sijawahi kuona mawimbi safi hivi. Mjomba, Jumatatu nina majengo mengine mawili, na yule msaidizi simtaki tena, kila siku ana jino. Twende wote. Nitaongea na bosi."

Watu wakapiga makofi. Mzee Flashi akayapokea kama mtu anayemwagiwa maji baridi.

Walipobaki wawili, mpwa akikunja nyaya, ndipo alipouliza.

"Mama, ile namba. Ikiwa kubwa, ndiyo nini?"

"Ndiyo mbovu. Si nilikwambia?"

"Sikusikia."

Mpwa akaacha kukunja. Akatazama juu ya paa, akamtazama mjomba wake.

"Sasa kule juu ulikuwa unatafuta ipi?"

Angeweza kudanganya. Akavua kofia.

"Ndogo. Nilidhani ndogo ndiyo mbovu."

Binti alijua mjomba wake anaishi kwa kuvuka barabara ile. Hakuhitaji kufafanuliwa zaidi. Machozi yakamlengalenga.

"Ningefukuzwa, Mjomba."

"Sikujua, mwanangu. Wallahi sikujua."

"Na ungejua?"

"Ningejua!" Mzee Flashi akajipiga kifua. "Ningejua ni kwa ajili yako, ningekutafutia kubwa kuliko zote!"

Mpwa akamtazama. Kisha akakaa chini juu ya boksi la antena, akacheka na kulia kwa pamoja, mpaka akashindwa kushika waya.

"Jumatatu," alisema alipopata pumzi, "namba nitasoma mimi."