Arobaini na Watatu Wasiosomwa

Rhobi Ryoba alikuwa akiviringisha nyundo yake katika kipande cha kanga alipomuuliza binti yake swali ambalo lilipaswa kuulizwa tangu jana.

"Boke, jina langu umeliona kwenye orodha?"

"Lipo, mama. Nimeliandika kwa mkono wangu."

"Sikuuliza kama umeliandika. Nimeuliza kama umeliona."

Boke alifungua simu yake, yenye kioo kilichopasuka kutoka pembe hadi pembe, akapitisha kidole juu ya orodha. Aliona Rhobi Ryoba, na mbele yake neno Mlimani. Lakini wao hawakukaa Mlimani. Walikaa Bondeni, karibu na kisima. Akatafuta tena kutoka juu. Rhobi Ryoba mwingine hakuwapo. Kisha akatazama hesabu iliyokuwa chini kabisa, ambayo jana kwa uchovu hakuisoma: 143. Daftari la kamati ya kijiji lilikuwa na watu mia moja themanini na sita.

Mama yake aliliona jibu usoni mwake. Alichukua nyundo yake akatoka.

Tangu dhahabu ilipoonekana nyuma ya kilima, umbali wa mwendo mfupi kutoka kijiji chao cha Nyangoto, kila kitu kilikuwa kimepanda: unga, kodi ya chumba, hata dumu la maji. Wanaume walishuka kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo. Wanawake waliponda mawe ya mabaki yaliyomwagwa nje na kuokota humo chembe zilizoachwa. Sasa kamati ilikuwa imelizungushia rundo hilo la mawe uzio. Asiye na kadi asingeingia kwa muda wa miezi sita, na majina ya wenye kadi yangesomwa leo saa nane mchana. Rhobi, mjane, hakuwa na shamba wala ng'ombe. Alikuwa na nyundo na rundo.

Boke ndiye aliyejitolea kuiandaa orodha. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa simu, somo moja moja, kadiri bando lilivyoruhusu. Alisimama mbele ya mkutano akawaambia wazee kwamba binadamu hukosea lakini kompyuta haikosei. Watu walimpigia makofi. Jioni iliyopita alimkabidhi karani orodha iliyochapishwa.

Alikaa kizingitini akaandika katika kundi la wasapu la wanaoanza Python: "Wakubwa, naomba msaada. Nimeingiza watu 186, programu inatoa 143. Wengine wamepotea."

"Tuma erro tuione," mmoja alijibu.

"Hakuna erro. Haijalalamika popote."

"Kama hakuna erro basi programu iko sawa, sister. Hesabu upya watu wako, labda wengine ni mbuzi."

Vicheko vilimiminika. Mwingine alimshauri azime simu na kuiwasha. Wa tatu alimtumia video ya saa nzima kwa Kiingereza. Mtu mmoja wa Mugumu, aliyejiita Imrani, ndiye aliyeuliza swali la maana: "Umeyahifadhi vipi majina? Tuma programu yenyewe." Boke alibonyeza kutuma, mshale ukazunguka, ukazunguka, kisha simu ikamjulisha kuwa bando limekwisha.

Ilikuwa saa nne. Aliteremka kwa miguu hadi sokoni, kwenye duka la kutoa nakala la Kauthar, binti wa fundi cherehani Shamsudin. Kauthar alikuwa amesoma kompyuta Mwanza miaka miwili, akarudi ada iliposhindikana. Watu tisa walikuwa kwenye foleni, na umeme ulikuwa umekatika. Ulirudi saa sita kasorobo.

"Lete simu," Kauthar alisema hatimaye, mkono mmoja ukiendelea kulisha mashine karatasi. Alisoma kimya. Kisha akacheka, si kwa dharau.

"Boke, ninyi Wakurya mna majina mangapi?"

"Kwa nini?"

"Nijibu. Hapo kijijini kuna kina Rhobi Ryoba wangapi?"

Boke alihesabu. Mama yake. Bibi Rhobi wa Mtoni. Rhobi wa Mlimani. "Watatu. Lakini hawachanganywi. Kila mtu anawajua."

"Kila mtu, ila programu hii. Majina umeyaweka kwenye kamusi, yaani hifadhi ambamo kila taarifa ina ufunguo wake, na jina umelifanya ufunguo. Kamusi haishiki funguo mbili zinazofanana. Alipoingia wa Mtoni, mama yako alifutika. Alipoingia wa Mlimani, wa Mtoni akafutika. Anabaki wa mwisho."

"Sasa mbona haikulalamika?"

"Ilalamike nini? Wewe ndiye uliyeiambia kwamba hao ni mtu mmoja."

Boke aliichukua simu yake. Katika nchi ambayo mtoto hurithi jina la bibi au babu, na majina huzunguka koo kwa koo bila kuongezeka, hakuna aliyewahi kupotea kwa kuitwa sawa na mwenzake. Ilitosha kusema mama Boke, au wa Mtoni.

"Tumia namba ya mstari wa daftari," Kauthar alisema. "Namba hairudiwi. Fanya mwenyewe, nikufanyie mimi utajifunza nini?"

Boke alibadilisha mistari mitatu. Mara mbili alikosea mabano, na safari hii programu ililalamika. Mara ya tatu ikatoa 186. Namba 38: Rhobi Ryoba, Bondeni. Kauthar alimchapia kurasa zote, akakataa kulipwa.

Karani wa kamati, Kisyeri, alikuwa mezani kwake akila mahindi ya kuchoma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Orodha yako ni nzuri sana. Safi."

"Ina kosa, mzee. Kosa ni langu. Watu arobaini na watatu wamefutika. Hii hapa iliyo sahihi."

Kisyeri hakunyoosha mkono kuipokea. "Imeshagongwa muhuri."

"Lakini si kweli, mzee. Daftari lenu wenyewe lina mia moja themanini na sita."

"Binti, nani alisema mkutanoni kwamba kompyuta haikosei?" Alipangusa midomo taratibu. "Na nafasi hizo arobaini na tatu zimekwisha kupata wenyewe. Zimejazwa tangu asubuhi."

Boke aliona karatasi nyingine chini ya kiwiko cha karani, imeandikwa majina kwa kalamu. Aliaga kwa adabu, kama alivyofunzwa, akatoka.

Alimkuta mama yake kwenye lango la uzio pamoja na wanawake wengine, akawaeleza yote bila kujificha. Hakuna aliyemtukana. Bibi Rhobi wa Mtoni aliguna tu.

Saa nane Kisyeri alianza kusoma. Alipotamka "Rhobi Ryoba," wanawake watatu walisimama.

"Nipo," walisema pamoja.

"Wa Mlimani!" Kisyeri alifoka.

Hakuna aliyekaa. Rhobi wa Mlimani, ambaye kadi ilikuwa yake bila ubishi, alijitanda kanga vizuri. "Leo wote tumehamia Mlimani, karani."

Watu walicheka. Kisyeri akasoma jina lililofuata, Boke Simioni, wakasimama wawili. Lililofuata, wanne. Alikunja orodha.

"Mura, funga lango," alimwambia mlinzi, akimwita kijana kwa Kikurya. "Hadi mtakapojua kusikiliza, haingii mtu."

Kufuli liliingia. Siku hiyo hakuna aliyeponda jiwe, na jioni nyumba nyingi sana hazikuwa na unga. Wanawake walikaa chini vumbini, nyundo mapajani. Baada ya kitambo Rhobi alimtazama binti yake.

"Hiyo yako isiyo na muhuri, isome."

"Itasaidia nini, mama?"

"Isome."

Boke alisimama, akakunjua kurasa zake, akaanza na namba moja. Kila aliyetajwa aliitika. Alipofika thelathini na nane alisita.

"Rhobi Ryoba, wa Bondeni."

"Nipo," mama yake alijibu. "Endelea."