Jiwe la Kizingiti

Kilichoharibu kila kitu ni lile jiwe, na Yoshimitsu hakutaka kuambiwa.

Kazi yenyewe aliijua. Tangu astaafu posta alikuwa akitengeneza matangi ya mimea, na wageni wake walizoea kusogeza pua hadi kioo kikapata ukungu. Udongo aliulaza chini upande wa mbele, akaupandisha nyuma karibu nusu ya tangi. Njia ya mchanga mweupe ilianza pana, ikapinda, ikazidi kusinyaa mpaka ikawa uzi. Mbele alipanda majani mapana, nyuma majani membamba kama nywele, na samaki wake hawakuzidi ukucha, maana samaki mmoja mkubwa akipita tu, mlima wote unageuka kokoto. Tangi lake la kawaida ungeapa lina mwendo wa nusu siku ndani yake. La mwaka huu lilikuwa bapa kama picha ya kalenda.

Jiwe lilikuwa kipande cha kizingiti cha nyumba yao ya Kuzusawa, kijiji kilichozamishwa bwawa lilipojengwa. Alikiokota mwaka ule wa ukame, maji ya bwawa yaliposhuka na misingi ya kijiji ikachungulia. Lilikuwa na ukubwa wa mkate, na Yoshimitsu aliliweka nyuma kabisa, kwa sababu nyumba ndiko ilikokuwa, mwisho wa njia. Lakini ukiweka kitu kikubwa nyuma, jicho hukivuta mbele, na bonde zima hufungika. Alilijua hilo vizuri, ila akajifanya halijui.

"Si ulivunje?" alisema mkewe, Mitsuyo, akikata ncha za soya changa. "Chukua nyundo, upate kakipande."

"Nyumba ya mama yangu niivunje kwa nyundo?"

"Imezamishwa na mto mzima, wewe unaogopa nyundo."

"Mitsuyo, niache."

"Nimekuacha wiki ya pili hii. Tangi limekula chumba, na wewe limekula akili."

Kisa cha yote ni dada yake, Kinue, aliyekuwa anakuja kwa siku za Bon, za kuwakumbuka wafu. Mwanawe alikuwa anamhamishia Osaka, na kwa magoti yale hakuna aliyedhani angepanda tena treni kuja milimani. Kinue aliondoka Kuzusawa ana miaka kumi na mitano, akaenda na wasichana wenzake kufanya kazi kwenye kiwanda cha nyuzi. Mama za wenzake wote walifika darajani kuwasindikiza. Wake hakuja. Hakuwahi kupiga kelele juu ya jambo hilo, lakini donge lilimkaa rohoni maisha yote. Kwenye mazishi ya mama alifukiza ubani, akaondoka kabla ya chakula.

Yoshimitsu wakati ule alikuwa mtoto wa miaka mitano, na siku ile hakuikumbuka. Alichotaka ni dada yake aione nyumba mara moja, aitembee ile njia kwa macho hadi mlangoni, pengine moyo ulainike. Safari hii ikishindikana, basi tena.

"Halafu kuna jambo silielewi," Mitsuyo aliendelea, maana hakuwa mtu wa kuachia hapo. "Kizingiti nani anakiona toka mbali? Kizingiti si kiko miguuni pako?"

Yoshimitsu alinuna mpaka chakula cha jioni. Asubuhi alitumbukiza mikono tangini, akang'oa jiwe kule nyuma, akalitua mbele, karibu ligonge kioo. Shabaha yake ilikuwa kumwonyesha mwanamke yule kwamba hajui kitu. Akarudi nyuma, akaketi mkekani.

Bonde lilifunguka. Njia ni ile ile, hakugusa hata chembe ya mchanga, ila sasa haikuwa inakuja nyumbani. Ilianzia mlangoni na kwenda zake, ikapungua na kupungua mpaka mlimani. Yeye alikuwa amekaa pale ambapo mtu husimama akimwona mwingine akiondoka. Macho yake yalikuwa yamelowa, na alijua kwa nini.

Kinue alifika na mkongojo, na ulimi ule ule.

"Bado unachezea matope, wewe mtoto?"

"Bado, dada. Kaa hapa."

Mitsuyo alimwekea wifi yake kiti kifupi na chai baridi ya shayiri, akaenda kupasua tikitimaji. Kinue alitazama tangi shingo upande.

"Naona majani."

"Ni Kuzusawa."

"Kuzusawa ipi? Nyumba iko wapi?"

"Uko mlangoni. Hicho mbele yako ni kizingiti chenyewe."

Kinue akasema kwa ukali, "Sasa unanikalisha mlangoni ili iweje?"

"Mama alisimama hapo siku ile. Bibi alikuwa mahututi ndani, hakuweza kumwacha peke yake. Mimi nilishika aproni yake."

"Mama alikuwa jikoni."

"Nani alikwambia?"

"Angekuwa wapi? Darajani hakuja!"

"Alikuwa hapo, dada. Ulipita mashamba ya mpunga, ukawa mdogo, ukazidi kuwa mdogo. Mimi nikawa sioni kitu tena. Yeye ananiambia, bado namwona. Bado namwona, Yoshi."

Kinue aliweka chai chini.

"Miaka yote hii, mbona hukuniambia?"

"Nilisahau. Kila nikiiwaza nyumba, huwa niko njiani narudi. Sikuwahi kujikumbuka nimesimama, mpaka juzi nilipolihamisha hili jiwe."

"Si angeniita!"

"Bibi alikuwa ndio kwanza kalala. Aliinua mkono tu. Akawa anangoja ugeuke."

Mitsuyo alikuja na sinia la tikitimaji, akaona nyuso zao, akasimama nje ya chumba.

Kinue alisogea mbele, akainama mpaka paji la uso likagusa kioo. Macho yake yalifuata mchanga taratibu, yakapita kwenye kona, yakaenda mpaka pale njia inapokuwa uzi.

"Sikugeuka," alisema. "Niliapa sigeuki mpaka darajani. Nilijua nikigeuka nitarudi mbio." Akashika kioo kwa mikono yote miwili. "Yoshi, mimi ndiye sikugeuka."

Kisha mwanamke yule wa miaka themanini na kitu akalia kwa sauti, akimwita mama yake.