Baiskeli ya Kukulia

…wala haijagusa tope, hilo hata kipofu angeliona, vinyweleo vya mpira bado vimesimama kwenye tairi, lakini muuzaji anainama, anazungusha gurudumu, anachungulia, anazungusha tena, anatafuta sababu ya kunikatalia, na mimi nimeukumbatia mkoba kama mtoto aliyeitwa kwa mwalimu mkuu, haijapandwa kaka, nimemwambia, imejaribiwa sebuleni tu, na yeye amenijibu sawa mama, ngoja nitazame, na nyuma yangu kuna mzee ameshika mpira wa ndani uliopasuka, anahema shingoni kwangu kama mtu aliyebanwa na haja, vumilia mzee, nasema moyoni, mpira wako umeshapasuka, hauwezi kupasuka zaidi… ni kubwa, kaka, ni kubwa kwa mtoto, hiyo ndiyo kasoro yake pekee, na kasoro hiyo ni yangu, niliichagua kubwa makusudi, juzi tu nilisimama hapo mlangoni nikazipita zile ndogo kwa macho, nikamwambia dada aliyekuwepo siku ile nipe hiyo inayofuata, iwe ya kukulia, kwa sababu ndivyo mikono yangu ilivyozoea, mtu akiniletea kitambaa cha sare ya mwanawe sikikati sawasawa na mwili, naacha pindo nene kwa ndani, naacha nafasi mabegani, na mama wa mtoto anarudi baadaye anacheka, fundi umetuokoa, tumefumua pindo gauni limekuwa jipya… basi na baiskeli nikainunua kishonaji, kana kwamba nayo ina pindo, kumbe ya baiskeli kinyume chake, gauni likizidi unalikunja, chuma kikizidi utakikunjia wapi.

Anajaribu breki sasa. Jaribu kaka, jaribu, breki haijakamatwa hata mara moja, haikwenda popote, baba wa mtoto ndiye aliyeishika kwa mbele na mimi nimeshika kiti, na Chiriku katikati yetu, tunamwita Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hajanyamaza, anaongea akila, anaongea akisukwa nywele, usingizini anaongea, alipanda huku anatupangia safari, nitakwenda dukani mama nitakuletea nyuzi, nitakwenda kwa bibi peke yangu, na miguu yake inaning'inia hewani, inatafuta pedali haizioni, baba yake akatoa spana akashusha kiti, akakishusha tena mpaka kikagota, hakishuki zaidi, na ncha ya kidole gumba ikaigusa pedali na kuipoteza, ikaigusa na kuipoteza, na mdogo wake, yule asiye na meno ya mbele, akasema nijaribu mimi, nani alimwambia ajaribu, akapanda, akakanyaga, akafika. Chiriku akanyamaza. Baba yake alinitazama juu ya kichwa chake na mimi nikajitia hamnazo, nikasema kesho nairudisha, wamenipa saizi siyo, watu wa maduka hawako makini siku hizi… nilimsingizia yule dada wa watu, hana hatia yoyote, alinipa nilichoomba.

Na huyu hapa ananyanyuka, anajifuta mafuta kwenye suruali, ananiuliza mtoto ana umri gani, nikasema tisa, nimesema haraka, kama mtu anayepitisha kitu mlangoni kabla hakijaulizwa, na yeye akaitazama baiskeli, akanitazama mimi.

"Basi siyo kubwa, mama. Hii ndiyo ya miaka tisa. Wapo wa umri huo tunawapa hata inayozidi hapa."

Halafu simu yake ikalia, ameipokea, ameibana kwa bega, mkono mmoja unazungusha gurudumu bila kazi, anazungumza na mtu habari za mzigo uliokwama, na mimi nimebaki na maneno yake… siyo kubwa… nilidhani nimenunua ya mwakani, ya mwaka unaofuata, ya kukulia, kumbe nimenunua ya leo, nafasi niliyomwachia haipo, hii ndiyo sare iliyokatwa sawasawa na mwili wa mtoto wa miaka tisa, na mwili haupo ndani yake. Nataka kukaa. Hakuna kiti ila viti vya baiskeli. Mzee wa mpira anasogea kidogo, na mimi naitazama ile ringi inavyozunguka, tik tik tik tik, na kitu kimoja kinanijia bila kukiita, pindo la gauni lake la shule, nililifumua lini… nililifumua lini mimi… hili analovaa sasa nilimshonea lile la kwanza lilipopauka, nikatoa karatasi ya kukatia ile ile, nikalaza kitambaa, nikakata, nikamvisha, likamkaa vizuri, nikafurahi, nikasema ona nilivyomjua mwanangu, sikuhitaji hata kumpima, na pindo nikaliacha nene, jipya juu ya jipya, na lile la zamani nikampa jirani, na jirani akalifumua pindo palepale kwa sababu wa kwake anakua, wa kwake anakua, watoto wote wa mtaa nimewafumulia mapindo, wangu sijawahi.

Na mimi ndiye wanayemsifu kwa jicho. Mtu akiingia mlangoni kwangu namjua kiuno kabla hajasalimia, bibi harusi aliyeongezeka kidogo tu namwona kabla ya mama yake, futi ya kupimia naivaa shingoni kwa heshima tu, sasa jicho hilo lilikuwa wapi, lilikuwepo, usijidanganye mwanamke, lilikuwepo na lilimwona, nilipompeleka kituo cha afya kwa kile kikohozi yule nesi alimsimamisha kwenye ukuta wa kupimia na mimi nikageuka nikasoma bango la chanjo, nikalisoma lote mpaka jina la kiwanda cha uchapaji, nesi akasema mama, kikohozi si kitu, mlete kwa daktari wa watoto huyu, asiachwe hivi hivi, wengine husaidika wakiwahiwa… nikasema ndiyo, nikamshukuru sana, na wiki ile zikaja nguo za harusi, na baada ya harusi zikaja sare, na baada ya sare… kazi haikosekani kwa mtu anayeitafuta. Baba yake alisema twende, akasema tena, hata hakupandisha sauti, angepandisha ningepata pa kushikia ugomvi, nikamwambia unamtafutia mtoto ugonjwa, mtoto anacheka, anakula, ana mdomo kuliko redio, mgonjwa gani huyo, na mama mkwe akaniunga mkono, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu niolewe, akasema kwetu tunachelewa, huyu baba yake alirefuka ana ndevu tayari, na mimi nikamng'ang'ania mama mkwe siku hiyo kama mwokozi, nikamwekea chai mara mbili, mimi na yeye kitu kimoja, ilipaswa hapo hapo nijue kuna jambo.

Wakiwahiwa. Neno lenyewe nimelibeba tangu siku ile, kwa sababu ukisema kuna kuwahi umesema kuna kuchelewa, na mimi nimewahi harusi za watu wote, sijamcheleweshea mtu nguo hata moja… naogopa, basi, naogopa, nani ananisikia humu kichwani, naogopa daktari aniambie hakuna dawa, na naogopa zaidi aniambie dawa ilikuwepo, na chini kabisa ya hayo yote naogopa aniulize nilikula nini nikiwa na mimba yake, nilifanya nini, niliinama vipi juu ya cherehani miezi ile yote nikidarizi tumbo likigusa meza, kana kwamba nilimkunja mimi mwenyewe humo ndani. Nilitaka akue nyuma ya mgongo wangu, bila kuitwa, asubuhi moja aamke gauni limempanda magotini niseme jamani ona, na mambo yaishe. Hiyo ndiyo baiskeli niliyokuja kununua juzi. Nilitaka kuinunua, miguu iifuate.

Naye anajua. Asubuhi hii alikuja akasimama kando ya cherehani, akachezea kisanduku cha vifungo, mtu ambaye kabla hajaingia chumbani umeshasikia habari zake zote, akasimama kimya, halafu akasema, "Mama, ukifika dukani usiseme ni yangu. Sema ni ya mtoto mdogo." Na mimi nikamjibu nini… nikamjibu haya. Nikamjibu haya, nenda kanywe chai. Nikaikanyaga pedali ya cherehani ili pasiwe kimya. Mtoto wa miaka tisa amebeba aibu yangu, ameikunja vizuri, amenikabidhi niende nayo dukani, na mimi nilivyo jasiri nimeichukua… aliwaza hilo saa ngapi, alilala nalo, pale shuleni wanamwambiaje, mbona hajaniambia, huyu anayeniambia hata rangi ya soksi za mwalimu wake, ameniona naogopa, ndiyo maana, ameniona akaamua kunificha. Mimi ndiye ninayefichwa nyumbani kwangu.

Muuzaji ameziba simu kwa kiganja, gurudumu bado linazunguka polepole, ananionyesha kwa kidevu zile ndogo pale ukutani, na zile kubwa upande wa pili, akauliza, "Sasa mama, nikubadilishie ipi? Mtoto mwenyewe yukoje?" na hapo hapo akairudisha simu sikioni akamwambia mtu wake nakusikia, endelea, na ni rahisi mno, ninyooshe kidole tu, nionyeshe ile ndogo ya chini, niseme ya mdogo wake, atafunga, nitasukuma, nitakwenda, na kesho zitakuja nguo nyingine za harusi. Mzee wa mpira anakohoa. Nikasema, hakui.

"Unasemaje mama?" akaniuliza, simu bado iko sikioni, na mimi nilidhani nikishalitamka mara moja litakuwa limekwisha, kumbe itabidi kulisema tena, hapa, na kwa baba yake leo, na kwa daktari, na kwa Chiriku mwenyewe nikimtazama usoni, nikashusha mkoba juu ya kaunta.

"Mwanangu ana miaka tisa na hakui," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mzee wa mpira. "Nipe ya kumtosha leo."