Programu Aliyoninunulia Tahiru

Watu wakiniuliza kwa nini siongei na Tahiru, nawaambia tuligombana kwa sababu ya kompyuta. Wanacheka, wanasema mtu mzima anagombania mashine. Waache wacheke. Tahiru ni mtoto wa mama yangu mkubwa, tumelelewa nyumba moja hapa Arua, kwa hiyo ni kaka yangu, na sina neno lingine la kumwita hata nikilitafuta.

Mwaka tisini na saba nilikuwa nimeachika, nimerudi kwa mama na binti yangu, tunalala chumba kimoja na magunia yake ya mchele. Kazi yangu ilikuwa kuandika hesabu za watu. Sikuwa na mwajiri. Nilikuwa na mwenye duka la vitenge hapa sokoni, mwenye kinu cha kusaga kule Koboko, na mwenye nyumba ya wageni karibu na stendi ya Koboko. Wote niliwaandikia kwa mkono, na mwisho wa mwezi mkono uliniuma mpaka begani. Halafu nikasikia chama cha wakulima wa tumbaku cha Midia, jirani na Koboko, kinatafuta mtu wa kuwashikia hesabu msimu mzima, na wanataka karatasi za kompyuta. Nikajiambia, Hadijah, hii ni yako. Kwa kazi hiyo ningepanga chumba Koboko, mimi na mtoto wangu, tufunge mlango wetu wenyewe.

Nikauza cherehani yangu, nikanunua kompyuta kuukuu kwa shirika la misaada lililokuwa linafunga ofisi. Ikabaki programu ya hesabu, na hapo sikukurupuka. Kasimiro, mhasibu wa shirika lingine kule Koboko, alinionyesha ile wanayotumia wao. Nzuri, lakini ilikuwa nzito mno kwa mashine yangu, tena ilijua bwana mmoja tu. Mimi wateja wangu kila mmoja ana mambo yake, siwezi kumlaza muuza vitenge chumba kimoja na mwenye kinu. Mwalimu mmoja akanipa nyingine ya bure, ya kunakili. Hiyo niliijaribu nyumbani. Nikaandika ukurasa mzima wa kinu, kisha nikachomoa waya makusudi, maana umeme wa Arua hauagi ukiondoka. Nilipourudisha, ukurasa haupo. Nikamrudishia mwalimu disketi yake na shukrani nyingi.

Ndipo Kasimiro akaniazima disketi ya kujaribia programu ya tatu, inayouzwa Kampala. Nikaandika, nikachomoa, nikarudisha. Ulipotea mstari wa mwisho tu. Na kila mteja alikuwa na mahali pake, na neno lake la siri la kufungulia. Niliipenda sana, nikakaa naitazama kwa furaha kabisa.

Njia ya Kampala ilikuwa mbaya siku zile, magari yanakwenda kwa msafara na askari mbele na nyuma. Mama akasema mwanamke hatakwenda, atakwenda Tahiru. Tahiru hakusita. Nikampa pesa, nikamwombea dua mpaka aliporudi, na disketi zake na kitabu kinene cha maelezo, akaniambia nikae pembeni maana yeye ameonyeshwa dukani. Akaiingiza. Ilipofunguka, juu ya kioo limeandikwa jina lake.

"Tahiru, mbona jina lako?"

"Inauliza jina la mwenye risiti, dada. Risiti ni yangu. Likishaandikwa halifutiki. Jina tu hilo, linakula nini?"

Akacheka, na mimi nikacheka. Mtu ametoka kupita njia ya risasi kwa ajili yangu, nimsumbue kwa jina?

Lakini programu ile ilikuwa na tabia yake. Kila karatasi iliyotoka, juu kabisa, hata kabla ya jina la mteja, ilipiga jina la mwenyewe. Hesabu za vitenge, Tahiru. Hesabu za kinu, Tahiru. Mimi ndiye niliyepanda lori la mizigo kuzipeleka Koboko, vumbi mpaka kwenye kope. Mwenye kinu akawa ananiuliza kila nikifika, "Tahiru iko salama? Mwambie kazi yake iko safi." Nilidhani ni adabu tu, mtu anaulizia watu wa nyumbani kwako. Nikawa namjibu, salama.

Siku chama kilipokutana Midia kuchagua mtu, nilivaa kitenge changu kizuri, nikafika mapema. Tahiru nikamkuta ameketi mbele, karibu na mwenyekiti, mzee Lomoro. Nilifurahi. Nilifikiri kaka yangu amekuja kunisindikiza, na nikampungia mkono.

Mzee Lomoro alikuwa ameshika karatasi za kinu, alizopewa na mwenye kinu. "Hii kazi sisi tumeona," akasema. "Jina ya mutu iko hapa juu. Tahiru, sisi tunakutaka wewe."

Nikasimama. "Samahani, mzee. Hizo nimeziandika mimi."

Mzee akamgeukia Tahiru. Na Tahiru hakuangalia chini, hata aibu ya dakika moja hakuwa nayo.

"Huyu ni dada yangu Hadijah," akasema. "Ananisaidia kupiga taipu. Anajitahidi sana."

Wazee wakanipigia makofi. Wallahi, walinipigia makofi, na kwa moyo mweupe kabisa.

"Mama, kama iko kazi yako," mzee Lomoro akaniuliza kwa upole, "sasa jina yako iko wapi?"

Nianze kuwaeleza wakulima habari za disketi na risiti? Nikakaa. Tahiru akatia sahihi, na mimi natazama.

Jioni ya kesho yake akaja nyumbani na sukari na sabuni. "Dada, tumepata," akasema. Eti tumepata. "Wewe utaandika, mimi nitapeleka. Kila mwezi nitakutolea kitu." Nikamwambia yeye ni mwizi, na bora wale wa njiani wenye bunduki kwa sababu hawakuiti dada. Nikamwita mama aje asikie mtoto wa dada yake alichonifanyia. Mama alikuwa anapepeta mchele uani, na hakuacha kupepeta.

"Usimtukane kaka yako," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia aandikishe jina lake."

Nikamwuliza kwa nini.

"Wewe bado kijana. Kesho utaolewa Bombo, au Sudan huko, uondoke na kazi yote. Kwa Tahiru inabaki nyumbani. Na hicho chumba cha Koboko, mwanamke peke yake, watu watasema nini?"

Habari ya chumba nilimwambia yeye tu, duniani kote. Hasira yangu kwa Tahiru niliijua, nilijua namna ya kuibeba. Hii ya mama sikujua niishike wapi. Niliingia ndani, nikalia mdomo kwenye mto ili mtoto asisikie.

Wiki ile ile chama kikaleta kikapu cha risiti za tumbaku. Tahiru akakaa mbele ya mashine yangu, mimi nikakaa mlangoni namenya mihogo. Akabonyeza, akabonyeza, akafunua kitabu, akakifunga.

"Dada, gharama za mbegu zinaingia wapi?"

Nikaendelea na mihogo yangu. Akauliza tena, safari hii kwa sauti ya kubembeleza.

"Hadijah," mama akasema kutoka uani alikokuwa akipepeta, "mwonyeshe kaka yako."

"Akuulize wewe, mama. Wewe ndiye uliyemchagua."

Sikuwahi kumjibu mama hivyo maisha yangu yote. Nilingoja anigombeze, anikumbushe maziwa aliyoninyonyesha. Aliweka ungo chini, akaingia, akasimama nyuma ya Tahiru akiangalia kile kioo, yeye ambaye hajui kusoma hata jina lake mwenyewe, na wote wawili wakabaki wanakitazama.